Bayere (mwenye nyumba) anarudi kukaa kwake, sawa, lakini garanti yangu, pesa nilimwekea wakati naingia, iko wapi?

Wandugu wa Lubumbashi nisaidieni, hasira inanipasua kifua. Niko lokatere (mpangaji) hapa Katuba tangu 2019, vyumba mbili na saluni, loye (kodi) dola 80 kwa mwezi, sijakosa hata mwezi moja, risiti zote ziko kwenye kikopo ya maziwa. Siku ya mungu bayere akakuja na bibi yake, tukawapa viti, tukawapa maji, mzee akasema tu "Mama, mwisho wa mwezi naomba nyumba yangu, ninarudi kukaa mwenyewe na familia." Wiki tatu! Na akiwa bado anasema, bibi yake akaingia chumba ya watoto bila kuomba, akatoa kamba kwenye sakoshi akaanza kupima dirisha ya rido (pazia), mtoto wangu wa mwisho amelala pale na homa, kamba inapita juu ya kichwa yake. Nilishindwa hata kusema.

Nyumba ni yake, sikatai. Mtu amezeeka, kule alikuwa anakaa wamemtoa na yeye, arudi kwake. Lakini garanti? Wakati naingia alinikata miezi sita, dola 480, bila hiyo hakuna funguo. Namwambia papa, nirudishie nikatafute kwingine, ananijibu ilishaingia kwenye mabati ya anexe, nyumba ndogo ya nyuma, atanipa kidogo kidogo. Kidogo kidogo namna gani? Jana nilienda kuona nyumba Kampemba, wanataka dola 100 mara sita, na mwezi moja wa komisionere (dalali wa nyumba) juu yake, 700 siku moja. Falanga yangu amelala nayo yeye, mimi nitoe ingine wapi? Njo maana watu wanaishia kulala kwa shemeji na vitanda nje.

Na mtu asiniambie njo desturi ya huku. Kuna sheria 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015, garanti ya nyumba ya kukaa haipite miezi tatu, na preavi, ile taarifa ya kuhama, ni miezi tatu. Mimi alinikamata sita, akanipa wiki tatu. Hata ile tatu ya preavi ningeipata, ningekuwa nimeshakusanya kitu, watoto wangemaliza trimestre bila kubadilisha masomo katikati, na mvua hii ya mwezi wa kumi na moja haingenikuta napakia matelas juu ya pusipusi (mkokoteni). Matembele nimepanda juzi tu, haijashika hata vizuri.

Kesho asubuhi ninaenda kwenye komini, servisi ya abita (ofisi ya makazi), kwa sababu kesi za nyumba zinaanziaka pale kwa mapatano mbele ya kufika tribinali ya pe (mahakama ya amani). Kontra yangu ni karatasi ya kaye (daftari), lakini iko na sinyatire (sahihi) yake na ya mashahidi wawili, na 480 imeandikwa kwa maneno na kwa chifre. Wale mulishapita huko, karatasi kama hiyo waliipokea? Bayere aliitwa akaja, ama alikataa? Na kama kuna mwenye anajua nyumba ya garanti miezi tatu, hata Ruashi, hata choo iko nje, aniandikie.

Vitu nitafunga, sina ubishi. Funguo siachie mpaka 480 ihesabiwe mbele yangu.