Nafunga duka la vifaa vya shanga na hereni Kariakoo: niuze kwa mkupuo, nimalizie rejareja au nihamie nyumbani?

Kete_na_Kamba

Habari za jioni wakuu. Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu, nimemwambia mume wangu tu, na jibu lake ni "uza upumzike". Nimelileta hapa labda nitapata jibu refu kidogo.

Nina duka la vifaa vya kutengenezea mapambo Kariakoo, ghorofa ya kwanza, si mbali na Mtaa wa Kongo. Mwaka wa tisa huu. Nauza shanga za kioo, lulu za plastiki, kulabu za hereni, cheni, waya, uzi wa nailoni, uzi wa mpira, plaizi, vifungo vya mikufu. Wateja wangu ni mafundi wa Mwenge, kina dada wa chachandu (shanga za kiunoni), na akina mama wanaopeleka mzigo Zanzibar msimu wa wageni ukikaribia. Zamani walikuwa wanapanda ngazi kwa foleni. Sasa wanachanga watu kumi, wanaagiza China wenyewe, mimi wananijia ikipungua kulabu jozi ishirini.

Kodi nalipa laki 6 kwa mwezi na nimelipia mpaka mwisho wa Agosti. Kuanzia Septemba mwenye nyumba anataka laki 8, miezi sita kwa pamoja. Yaani milioni 4 na laki 8 kabla sijauza hata kete moja. Hapo nimegoma.

Mzigo kwenye daftari unasoma milioni 14, bei ya kununulia. Nimebaki na njia hizi:

1. Kuna jamaa wa Arusha yuko tayari kubeba vyote, na shelfu zake, kwa milioni 5.
2. Kutangaza bei ya kumaliza mzigo, niuze mpaka Agosti, kitakachobaki nijue baadaye.
3. Kubeba mzigo nyumbani Tabata, niuze kwa simu na Instagram.
4. Kumwachia mtu duka pamoja na fremu (chumba chenyewe), anipe kilemba, ile pesa ya kuachiwa nafasi.

Nina msichana wa dukani, mwaka wa nne, namlipa laki 2 na nusu. Naye sijamwambia.

Kibubu

Pole dada. Mimi ningechukua tano nikalale.

Fundi_Mwenge

Huenda mimi ni mmoja wa hao wa kulabu jozi ishirini, samahani 😅

Ila usiutazame mzigo wako kama kitu kimoja. Kioo hakiozi. Shanga za kioo ukizifunga vizuri, hata miaka mitano zitakusubiri. Chuma ndicho kinachokufa. Kulabu za rangi ya fedha na cheni za dhahabu bandia, kwa joto na chumvi ya hewa ya Dar, mwaka mmoja kwenye boksi zinafubaa, na mteja akiona doa moja hanunui pakiti nzima. Uzi wa mpira ndiyo usiseme. Niliwahi kununua bunda la mpira lililokaa mahali miaka miwili. Bangili kumi na nne zikakatika mikononi mwa wateja ndani ya wiki moja, moja ilikatikia kanisani, shanga zikabingirika mpaka madhabahuni. Huyo mama mpaka leo hanisalimii.

Kwa hiyo chochote utakachofanya, mpira, kulabu na cheni vitoke kwanza hata kwa bei chee. Plaizi utauza hata mwakani. Na tangaza sasa hivi, maana wageni wanaanza kujaa Juni na mafundi wote tunanunua mwezi huu. Ukisubiri Agosti utakuta tumeshajaza madroo.

Piga_Hesabu

Tuweke namba mezani.

Milioni 14 ni pesa uliyotoa, si pesa uliyonayo. Kwa maduka ya vitu vidogo vidogo niliyoyaona, zaidi ya nusu ya daftari ni mzigo uliododa. Tuseme kwako kinachotembea ni milioni 6 na kilichododa ni 8. Mpaka Agosti, ukiuza kwa bei uliyonunulia bila faida, unaweza kutoa theluthi mbili ya kinachotembea: milioni 4. Kilichododa, kwa kilo na kwa mafungu, ukipata shilingi ishirini katika kila mia: milioni 1 na laki 6. Jumla 5.6. Toa mshahara wa msichana miezi mitatu, laki 7 na nusu. Unabaki na milioni 4 na laki 8 na nusu, na bado mkononi una mzigo mzuri wa milioni 2.

Jamaa anakupa 5 leo. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kodi usiihesabu, umeshalipa, ukifunga kesho hairudi.

Mimi ningetaka kujua kwanza: hizo 5 zinalipwaje? Na hapo kuna mtego mwingine. Huyo jamaa hanunui vyote, ananunua kile kizuri chako na kubeba kile kibaya kama gharama ya usafiri. Ukianza kuuza rejareja, kizuri kinaisha kwanza, akirudi Agosti atakuta takataka na hatatoa hata milioni moja. Njia ya 1 na ya 2 hazifuatani. Ukichagua ya pili, ya kwanza imekufa.

Kete_na_Kamba

Asante sana @Piga_Hesabu, hilo la mwisho sikuwa nimeliona.

Malipo ndiyo tatizo ambalo sikuliandika. Anatoa milioni 3 taslimu, mbili zinazobaki anataka mali kauli, yaani abebe mzigo sasa alipe baadaye, mpaka Desemba.

Kibubu

Nafuta maneno yangu. Usilale.

Mzee_wa_Stoo

Mali kauli kwa mtu anayefungua duka mkoa mwingine, wakati wewe hutakuwa na duka la yeye kurudi kununua? Mali kauli inalindwa na kesho. Mtu anakulipa kwa sababu anataka mzigo mwingine. Wewe kesho yako ya biashara umeifunga mwenyewe. Hesabu kwamba bei yake ni milioni 3, hizo mbili ni sala.

Kariokor_254

Hujambo dadangu. Mimi niko Nairobi. Nilikuwa na kibanda cha ushanga karibu na soko la Kariokor (jina letu na lenu ni babu mmoja, lile jeshi la wapagazi la Waingereza), nikakifunga na kuhamia nyumbani. Nitakwambia ya njia ya 3 jinsi ilivyo, maana watu huiongelea kama bure.

Kodi ya duka inaisha, kweli. Inaanza kodi ya muda wako. Mteja anatuma picha saa tano za usiku: "Uko na hii ya bluu?" Bluu ziko kumi na mbili. Unawasha taa, unatafuta, unapiga picha, anasema simu yake inaionyesha kama zambarau. Kesho anaagiza jozi tano za kulabu za shilingi hamsini na boda ni mia mbili. Hapo hakuna biashara, hapo kuna urafiki.

Nilichofanya baada ya miezi sita ya kuumia: nikaacha vitu mia tatu, nikabaki na thelathini. Siuzi chini ya pakiti: kulabu jozi hamsini, ushanga kamba kumi. Oda zinatoka Jumanne na Ijumaa pekee. Wateja theluthi moja walikasirika wakaondoka, na sijawakosa. Lakini elewa, hiyo si kuhamisha duka. Ni kuanzisha lingine dogo. Yale mengine mia mbili na sabini ilibidi niyauze hata hivyo.

Fremu_Namba_9

Naongelea njia ya 4 kwa sababu iliniuma. Nilikuwa na fremu ya viatu, nikapata mtu wa kunipa kilemba cha milioni 6 kupitia dalali. Mkataba wangu ulikuwa na mstari mmoja, ukurasa wa tatu, kwamba siruhusiwi kumwachia mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akakataa, siku tatu baadaye akampangisha mtu yuleyule moja kwa moja. Dalali alikula pande mbili. Mimi nilipata soda.

Soma mkataba wako leo usiku, kabla hujamtajia dalali yeyote kwamba unaondoka. Na kwa ghorofa ya kwanza, fremu ambayo kodi yake inapanda hivyo, sidhani kama kilemba chenyewe kipo.

Risiti_Tafadhali

Mnaongea mzigo tu, hakuna aliyegusa makaratasi. Mimi kazi yangu ni hesabu za maduka madogo, na makosa haya nayakuta kila mwaka.

Kufunga mlango si kufunga biashara. Kama unalipa kodi ya mapato kwa makadirio, awamu ni nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ukifunga Agosti kimya kimya, TRA (mamlaka ya mapato) wao wanajua bado upo, na deni la Septemba na Desemba linakaa kwenye jina lako likinenepa. Andika barua ofisi ya TRA unakolipia, sema tarehe ya kufunga, omba makadirio yarekebishwe, na kaa na nakala iliyogongwa muhuri. Kama una mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, nayo itolewe taarifa, usiiache kabatini. TIN, namba yako ya mlipa kodi, ni yako wewe, hiyo haifi. Halmashauri pia wajulishwe kuhusu leseni, na kama ulisajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), jina nalo lifungwe ili lisiendelee kudai ada ya kila mwaka.

Halafu msichana. Sheria ya ajira ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28, na aliyemaliza mwaka kazini ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza. Akitimiza miaka minne ni siku 28, kwa hiyo weka pembeni kama mshahara wa mwezi mmoja na ushee. @Piga_Hesabu hukuiweka kwenye jedwali lako.

Piga_Hesabu

Kweli, imenipita. Ila hiyo inakatwa njia zote nne, haibadilishi ushindani.

Kete_na_Kamba

Nimerudi. Nimesoma mkataba, mstari upo, tena umekolezwa wino. Njia ya 4 nimeifuta.

Msichana nimemwambia jana. Alinyamaza, akaendelea kupanga vifungo, halafu akaniuliza kama anaweza kununua ile mizani ndogo. Kumbe anatengeneza chachandu usiku, miezi minane sasa, na wateja wake anawapata kwenye status. Mizani nimempa bure. Nimemwambia kiinua mgongo akitaka sehemu achukue shanga kwa bei ya kununulia, hapo hapo akaniambia hapana dada, pesa nipe pesa, shanga nitanunua nikizihitaji. Nimecheka. Ana akili za biashara kuliko mimi.

Siku tatu hizi tumefungua kila droo, sisi wawili na binti yangu. Kinachotembea si 6, ni milioni 4 na laki 7. Nina uzi wa mpira bunda 31 ambao nikiuvuta haurudi, nimeutupa wote kwa heshima ya yule mama wa kanisani. Nina vifungo vya sumaku vya laki 3 ambavyo sikumbuki niliviagiza lini.

Nilipofika: jamaa wa Arusha nimemwambia milioni 4 taslimu achukue vyote, mwisho Ijumaa. Akikataa, Jumamosi nabandika tangazo, chuma chote nusu bei, na nyumbani nitabeba vitu ishirini visivyozidi. Njia ya 3 kamili sina moyo nayo. Yule wa Nairobi amenitisha na bluu kumi na mbili.

Mama_Ngaramtoni

Samahani naingilia nimechelewa. Mimi niko Arusha, tuna kikundi cha akina mama tunashona shanga za Kimasai, tunauza kwenye maduka ya wageni. Kwenye hizo droo una shanga za Czech? Zile zinazolingana, siyo za kichina ambazo kete moja nene moja nyembamba, sindano inagoma na duara linapinda. Tunatafuta nyekundu, nyeupe, bluu na rangi ya chungwa. Tunalipa pesa mkononi, mali kauli hatujui.

Kete_na_Kamba

Mama shikamoo. Nyekundu iliisha zamani. Ya chungwa ninayo nyingi mno, niliagiza kwa makosa 2019, nilitaka njano. Imekaa juu ya shelfu la mwisho tangu hapo, hata kwenye kinachotembea sikuihesabu.

Mama_Ngaramtoni

Marahaba. Ni namba nane au namba kumi na moja? Kumi na moja ni ndogo mno, macho yetu hayawezi tena.

Kete_na_Kamba

Namba nane. Nimepima sasa hivi, kilo sita na robo, mafundo hayajafunguliwa.

Mama_Ngaramtoni

Usimpe huyo kijana wa Arusha kabla hatujaongea. Nitumie picha, lakini upige nje kwenye mwanga wa jua, uweke na sarafu ya mia pembeni. Kama makatoni ni mawili piga yote mawili, chungwa la katoni moja halifanani na la lingine.

Kete_na_Kamba

Makatoni mawili kweli. Nitapiga kesho asubuhi, huku ndani kuna taa ya njano tu.