Kufyatua bunduki ya peintiboli bila risasi za rangi, inaiua au ni maneno ya watu?

jamaa_wa_gereji
Wakuu salama? Niko huku Minnesota, mwezi uliopita nimenunua bunduki ya peintiboli (ule mchezo wa kupigana risasi za rangi) used, Tippmann 98 Custom, pamoja na mtungi wa CO2 na hopa yake, kile kikopo cha juu cha kuwekea risasi, bei ya kutupa kabisa. Sasa baridi imeshika hakuna wa kwenda naye uwanjani, kwa hiyo jioni nikitoka job naingia gereji naifyatua hivi hivi tupu, pa pa pa, kuzoesha kidole na kusema ukweli mlio wake tu unanipa raha. Shemeji yangu ninayekaa kwake akanikuta akasema naiua, eti chochote cha kufyatua ukikifyatua kitupu kinajipiga chenyewe kwa ndani. Nikampuuza. Ila wiki hii imeanza mambo, nabonyeza triga mara moja inatoka brrrrp kama cherehani, mara tano sita yenyewe, halafu mara nyingine inagoma kujikoki kabisa. Ndo nimeshaiua au? Na msiniambie nitumie risasi, boksi la 2,000 sio la kumalizia kwenye ukuta wa gereji ya watu.

upinde_na_mshale
Shemeji yako mtu mzima, msikilize. Upinde ukivuta ukaachia bila mshale unaweza kupasuka mkononi mwako, maana nguvu yote iliyokuwa iende na mshale inarudi kwenye mbao. Mimi nilikuwa na bunduki ya upepo ile ya kuvunja katikati, ya springi, watoto wa jirani wakawa wanaifyatua bila risasi kila siku, mwisho wake sili ya pistoni ikafa, ukipiga risasi inaanguka hapo mbele ya miguu yako. Peintiboli haiwezi kuwa tofauti.

fundi oringi
Ni tofauti kaka, tena sana, na ndo maana ubishi huu hauishi kila mahali. Mimi nahudumia bunduki za kukodisha kwenye uwanja mmoja nje kidogo ya Nairobi, hizo hizo 98 nimezifungua mpaka naweza kuzifungua stima ikiwa imepotea.

Hiyo bunduki yako ya upepo, kinachosukuma risasi ni pistoni inayokimbizwa na springi, na risasi ikiwa imeziba mtutu inabana hewa mbele ya pistoni, hewa ile ndo inakuwa kama godoro pistoni isigonge mwisho. Toa risasi, godoro hakuna, chuma kwa chuma. Upinde pia umeeleza vizuri, mshale ndo unabeba ile nguvu.

Sasa 98 inafanya kazi vingine. Ndani kuna nyundo nyuma na bolti mbele, zimeunganishwa na kachuma kembamba. Ukibonyeza triga, kile kijino kinachoshika nyundo kinaachia, springi inaisukuma nyundo mbele, bolti inafunga na kusukuma risasi mtutuni, halafu nyundo inagonga vali. Vali ikifunguka gesi inagawanyika, nyingine inaenda mbele kutoa risasi na nyingine inarudi nyuma kuisukuma nyundo mpaka ishikwe tena na kile kijino, ndo hiyo kujikoki yenyewe. Angalia hapo risasi iko wapi: iko mtutuni inangoja upepo, haijamlinda mtu. Nyundo inagonga vali vile vile iwe kuna rangi au hakuna, na kwa nyuma kuna oringi (pete ya mpira) nene ya kupokea kishindo, nayo inapokea vile vile. Kwa hiyo ukipiga tupu mara mia umechakaza kama mara mia za kawaida, basi, si zaidi. Springi na oringi zinaisha kwa hesabu ya mapigo. Sisi wenyewe baada ya kuosha tunaweka matone mawili matatu ya mafuta pale mtungi unapofungwa, halafu tunapiga tupu kama mara ishirini ili mafuta yatembee ndani. Na ukitaka kuifungua, ukishatoa mtungi lazima upige tupu mpaka gesi iliyobaki iishe. Kama ingekuwa sumu tungekuwa tumefunga biashara.

Jamaa wa gereji, shida yako nafikiri ni nyingine kabisa. Hiyo gereji ina hita?

jamaa_wa_gereji
Hita ya wapi mkuu, ni ile ya kuwekea gari tu. Maji kwenye ndoo yanaganda.

fundi oringi
Basi umejijibu. Mgandamizo wa CO2 unafuata joto la mtungi. Kwenye 21°C unakuwa karibu bar 58, ukishuka mpaka 0°C unabaki kama 35, na wewe uko chini ya hapo. Halafu ongeza hii, kila pigo maji ya CO2 ndani ya mtungi yanachemka kuwa gesi, na kuchemka kunanyonya joto, kwa hiyo ile pa pa pa yako ya haraka inaugandisha mtungi zaidi. Gesi ikiwa dhaifu haina nguvu ya kuirudisha nyundo mpaka mwisho, inafika karibu na kijino bila kushikwa, springi inairudisha mbele, inagonga vali tena, inarudi nusu, inagonga tena... hiyo ndo cherehani yako. Hii sasa ndo inayochakaza, kijino kinasuguliwa ncha bila kushika vizuri. Kikishakuwa mviringo utapata hiyo brrrp hata Julai.

Ingiza bunduki na mtungi ndani ya nyumba, viache vipate joto la sebuleni, uweke mafuta, ujaribu taratibu pigo moja moja. Mtutu uinue juu kidogo, ukiuinamisha CO2 inaingia ikiwa maji na inagandisha oringi, nazo zikigandishwa zinakuwa ngumu zinapasuka. Mafuta yawe ya bunduki za hewa, usiweke yale ya kopo ya kupuliza, yanavimbisha oringi.

spuli_si_nyundo
Naongeza kidogo kwa wenye za betri. Mimi natumia ya elektroniki ya spuli, ndani hakuna nyundo, bolti inatembea na hewa tu, kupiga tupu haina neno kabisa. Ila wengi wanatoka mbio kwa fundi wakisema imekufa kumbe macho yamewashwa. Macho ni ile miale inayoangalia kama risasi imeingia, isipoona kitu bunduki inakataa kupiga au inapiga kwa kusuasua. Zima macho kwanza, jaribu tupu, halafu ukumbuke kuyawasha kabla ya mechi, usipoyawasha utakata risasi katikati na kushinda unafuta rangi mtutuni wenzako wakicheza.

upinde_na_mshale
Sawa nimekubali nusu. Je bila gesi kabisa? Unakoki kwa mkono unaachia, tak. Mimi ndo nilichokuwa nawaona wanafanya kwenye duka.

fundi oringi
Hapo sasa una hoja. Gesi ikiwepo inaishikilia vali ifunge, nyundo inakutana na kitu kinachobishana nayo. Gesi isipokuwepo nyundo inaingia moja kwa moja inagonga mwili wa vali. Mara mbili tatu kuangalia kama triga inashika, poa. Kuifanya mchezo wa jioni, hapana. Kwa hiyo mpelekee shemeji salamu, amekosea ya kwanza lakini ya pili angepatia.

Na mimi nilisahau kitu cha kusema mwanzo: maski usoni na soksi ya mtutu mbele, ule mfuko wa kuzuia risasi isitoke, hata kama unajua ni tupu. Hopa ukiitoa bado inaweza kubaki risasi moja kwenye shingo.

jamaa_wa_gereji
Mrejesho wakuu. Nimeiweka sebuleni usiku mzima, asubuhi nikatia matone matatu nikaipiga taratibu, cherehani imekata! Inajikoki kila pigo. Oringi ya nyundo nimeikuta imeanza kuchanika nimeagiza pakiti nzima, dola chache tu.

Ila fundi ule ujumbe wako wa soksi nimeusoma nimechelewa. Pigo la kwanza kabisa ilikuwemo moja humo, ya njano, imepiga mlango wa friji. Imefutika na maji ya kawaida kabla mtu hajaamka, lakini pamebonyea, ndogo tu, ukisimama upande wa sinki huioni. Nimeweka sumaku ya kalenda hapo juu. Shemeji anarudi zamu saa nane.