Umeme wa betri kwenye magari ya kulala: wa Unguja na Pemba, tupeane uzoefu

Kigari cha Paje
Asalaam aleikum. Mie nina Hiace niliyoing'oa viti nikatia kitanda, friji ndogo, feni na taa. Nawakodisha wageni wanaotaka kulala ufukweni, Paje au Makunduchi. Kaskazi iliyopita, saa nne za usiku, mgeni ananipigia: taa zimefifia kama kibatari, friji kimya. Nikaihukumu betri. Nikanunua mpya, laki tatu na ushei zikaenda. Siku ya nne simu ile ile.

Ndipo fundi mmoja wa Mwanakwerekwe akaja na mita. Friji ikiwa inafanya kazi, kwenye betri alipata volti 12.4, kwenye plagi ya friji 10.8. "Umeme unatoka, haufiki." Akaufuata waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, mpaka ulipofungwa kwenye bodi ya gari, chini ya kiti. Bolti imeota kutu, kichwa cha waya kimekuwa kijani kwa chumvi ya bahari. Msasa, kichwa kipya, grisi, ikapanda 12.1. Ile betri kongwe niliyoiuza kwa bei ya chuma chakavu, nadhani ilikuwa nzima. Haya, leteni vyenu.

Nahodha wa Wete
Mie wa boti, lakini betri ni betri. Paneli yangu ya sola ilikaa nyuma ya mlingoti. Mchana kutwa jua la kuchoma, asubuhi napima 12.2, yaani nusu. Nikabadili kontrola, kile kidude cha kudhibiti chaji ya sola, bure. Kumbe kivuli cha mlingoti, chembamba kama mkono, kinapita juu ya paneli. Zile seli zimeungwa mfululizo, ukiziba chache tu nguvu ya paneli nzima inaanguka. Nimeihamishia juu ya kibanda cha tezi, sasa naamka na 12.7. Na mpime alfajiri, kabla hamjawasha kitu. Ukipima jua likiwa juu unapima paneli, si betri.

Mla Pweza
Fyuzi ya feni ilikuwa inakatika kila siku. Nikaizungushia karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Feni ikakaa. Nilichokinusa usiku wa manane sisimulii, mama yangu naye yumo humu. Waya ulikuwa umechunika penye tundu la bodi, unagusa chuma.

Bi Embe Dodo
Mwanangu wewe, Mungu kakuhifadhi.

Mie nauza juisi kwenye Suzuki Carry, jioni, Jang'ombe. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, imeandikwa wati 1000. Nikibonyeza blenda tu, inveta inapiga ukelele na kuzima, na betri imejaa! Muuza duka akataka ninunue ya 2000. Kijana wangu anayesoma umeme akashika kalamu: wati 1000 gawa kwa volti 12, ampea 83, na inveta nayo inakula chake, weka 90 na zaidi. Na mie nimevuta waya wa taa za nyumbani, mita nne, kutoka mbele mpaka nyuma. Ulikuwa moto haushikiki. Blenda inapoanza kuzunguka huvuta mara mbili tatu ya kawaida yake, volti zinaporomoka njiani, inveta inaona betri imekwisha, inajifunga.

Tukaisogeza inveta pembeni ya betri, waya mnene kama ule wa stata, fyuzi yake papo hapo kwenye betri. Waya mrefu tukauacha upande wa volti 230. Inveta ile ile, blenda ile ile, Ramadhani nzima haijalia.

Kigari cha Paje
Bi Embe, ahsante. Nina jengine: tangu kaskazi hiyo hiyo, nikiendesha Mjini mpaka Nungwi betri ya nyuma, ile ya friji na taa, haipandi. Inajazwa na sola tu.

Nahodha wa Wete
Washa injini, pima ya mbele, ya kuwashia gari. Ukiona 14 na kitu, dinamo nzima. Kisha pima ya nyuma. Ikiwa 12 na kitu, tazama fyuzi na rilei iliyo baina yao, ile swichi inayoziunganisha betri mbili injini ikiwaka. Rilei ilie "tak".

Kigari cha Paje
Mbele 14.1, nyuma 12.3. Fyuzi nzima, rilei hailii. Nimeufuata waya wake mwembamba mweusi mpaka chini ya kiti. Unaning'inia. Ulikuwa umefungwa kwenye bolti ile ile aliyoipiga msasa.

Bi Embe Dodo
Na fundi ulimlipa ngapi?

Kigari cha Paje
Nilimwongeza na ya soda.