Mjadala: Sheria itulazimishe kuacha krimu za kemikali na kuhamia kinga ya jua ya mwani?

Mwanzisha mada

Wakuu, Palau ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku krimu za jua zenye kemikali zinazoshukiwa kudhuru matumbawe, kuanzia Januari 1, 2020. Mwaka uliofuata Hawaii ikazuia uuzaji wa krimu zenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali mbili zinazochuja mionzi ya jua. Sasa kuna wanaotaka twende mbali zaidi: mwani na matumbawe vina kinga yao dhidi ya mionzi ya urujuanimno, basi viwanda vilazimishwe kutumia hiyo. Mimi napinga, ingawa sayansi yenyewe ni tamu.

Viumbe hivi vina molekuli ndogo za jamii ya asidi amino, ziitwazo maikosporini. Mojawapo, shinorini, hunyonya zaidi mionzi ya nanomita kama 334, kisha huitoa nishati hiyo kama joto kabla haijaharibu kitu. Yule mnyama wa baharini wa duara, mwenye miiba mwili mzima, aitwaye sea urchin kwa Kiingereza, hawezi kuzitengeneza. Huzipata kwa kula mwani na kuziweka kwenye mayai yake. Mayai ya jike aliyelishwa mwani wenye kinga hiyo yakimulikwa kwa mionzi hiyo huendelea kugawanyika vizuri kuliko ya jike aliyelishwa mwani usio nayo.

Kazi ni kuitoa kwenye yai na kuipaka begani. Molekuli hizi huyeyuka kwenye maji. Ndani ya seli hilo halina neno, utando unazishika. Kwenye ngozi ya muogeleaji zinasombwa. Ndiyo maana watengenezaji wengine huzifungia kwenye vifuko vidogo mno vya mafuta. Na kule Ulaya na Marekani maikosporini hazimo kwenye orodha ya vichujio vya jua vilivyoidhinishwa, kwa hiyo chupa yenye picha ya mwani mbele, igeuze usome: kinachozuia jua huenda ni zinki oksidi, kichujio cha madini, na mwani uko mkiani mwa orodha.

Cha asili nacho kipite mlango uleule. Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, mlango upi huo? Watafiti wa mamlaka ya dawa ya Marekani walionyesha 2019, na tena 2020, kwamba oksibenzoni huingia kwenye damu kupita kiwango ambacho mamlaka hiyohiyo inadai vipimo zaidi. Watu walikuwa wameshaipaka miongo. Leo mwani ndio udaiwe cheti?

Mchangiaji wa 2

Nina ualbino, hivyo kwangu hii si mada ya likizo ufukweni. Mkiondoa kichujio kabla mbadala haujathibitika, anayeungua ni mimi. Kofia na mikono mirefu navaa tayari. Niambieni hiyo ya mwani inabaki na nguvu kiasi gani baada ya saa mbili za jasho, ndipo tuongee sheria.

Mwanzisha mada

Wa 1, kuhusu oksibenzoni nakubali: ipimwe upya, ikishindwa iondoke. Ila uzembe wa jana hauwi kibali cha leo. Na tusiitwike krimu mzigo wote wa matumbawe. Kinachoyapausha kwa maeneo makubwa ni joto la bahari. Aprili 2024 lilitangazwa tukio la nne la kupauka duniani kote. Matumbawe hayo maikosporini wanazo, na hazikuwafaa kitu mbele ya joto.

Mchangiaji wa 3

Mnabishana kuhusu chupa, hamjauliza malighafi itatoka wapi. Gramu moja ya mwani mkavu ina miligramu chache tu za kitu hiki. Ama mfyeke mwani, ama mhamishie jeni kwenye vijidudu vya kufugwa kiwandani. Jeni za kutengeneza shinorini zilibainishwa 2010 kutoka kwa Anabaena, mmoja wa sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mwaka 2015 jeni za gadusoli, kinga ya samaki, zilitiwa kwenye hamira na ikaitengeneza. Hapo bahari haihitajiki tena, na nchi alikotoka kiumbe inapata nini? Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida ya rasilimali za kijeni, iliandikwa sampuli zikiwa zinavuka mipaka. Siku hizi mtu anapakua mfuatano wa jeni akiwa amekaa kitini. Mfuko wa Cali uliozinduliwa 2025 ndio ulioletwa kuziba pengo hilo, lakini kampuni huchangia kwa hiari.

Mwanzisha mada

Wa 3, hili lina uzito kuliko mada yangu. Hamira naiunga mkono, maana inaacha mwani mahali pake. Lakini hiari haitoshi. Napendekeza kila anayeomba hataza alazimike kutaja jeni zilitoka kwa kiumbe gani na maji ya nchi gani, na asiyetaja ombi lake lisisajiliwe. Anayeona hilo litaua utafiti aseme kwa nini.

Mchangiaji wa 3

Litakwama kwenye viumbe wanaopatikana duniani kote. Anabaena utamwandikia nchi gani?