Wamenipa ofa tumalizane nje ya mahakama, nichukue au nikaze?

fundi_fremu:
Wakuu habari, naomba mawazo. Nina kesi ya madai, kuna kampuni niliitengenezea fremu za milango na madirisha, wakapokea mzigo wakasaini halafu kwenye malipo wakaanza danadana, mara fremu zingine zina kasoro, mwisho nikaenda mahakamani. Sasa kesi haijaanza hata kusikilizwa wakili wao kaleta barua, wanatoa 60% ya ninachodai, kwa awamu 6, nijibu ndani ya siku 14 na nisaini kwamba sina dai lingine lolote juu yao. Wakili wangu anasema tuifikirie, kaka yangu anasema ukiona mtu kaja na ofa ujue keshaona anashindwa, kaza. Mimi hiyo 60% inaniuma, kazi niliifanya yote. Mngekuwa nyie?

mama_hesabu:
Pole kaka. Usiipime ofa kwa unachodai, ipime kwa kitakachoingia mfukoni ukienda hadi mwisho. Dai lako liite 100. Muulize wakili bila kupamba maneno, nafasi ya kushinda ni ngapi? Tuseme 70%. Na ukishinda unapewa yote? Hizo za kasoro wakiaminika labda unapata 80. 70% ya 80 ni 56, toa gharama zilizobaki za wakili na mashahidi, tuseme 10, umebaki na 46, na hapo bado sijaweka kwamba ukishindwa mahakama nyingi zinakubebesha na gharama zao. Halafu hukumu sio hela, kuna rufaa, kuna kukaza hukumu, yaani kuwalazimisha walipe, unaweza kushinda ukakuta akaunti yao nyeupe. Namba hizi ni za mfano, weka zako, zikikupa 85 basi hiyo ofa ni ya kuchekesha.

kijiweni_sheria:
Na kaka yako umwambie ofa sio kukiri kosa, watu wanalipa ili walale. Ila angalia usijibu haraka "nipeni 80". Kwa sheria ya mikataba ya Kiingereza na nchi zilizoirithi, ukitaja bei yako umeua ofa yao. Kesi ya Hyde v Wrench, 1840, mwenye shamba anataka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, akarudi basi nachukua kwa 1,000, mahakama ikasema hakuna mkataba. Kuuliza tu "mnaweza kulipa kwa mkupuo?" hakuna shida, hiyo haiui.

binti_wa_rejista:
Sio ofa zote lakini mkuu. Uingereza ofa ya Part 36, yaani ofa ya kumaliza kesi inayotolewa kwa kanuni za mahakama, haifi kwa sababu umejibu na namba yako, inabaki hadi aliyeitoa aiondoe kwa maandishi. Inakupa si chini ya siku 21, na ukiiacha halafu hukumu isizidi ile ofa, kwa kawaida gharama zao kuanzia muda ule ulipoisha ni zako japo umeshinda!! Marekani mahakama za shirikisho wana Rule 68 ambayo haiko mbali na hiyo, siku 14. Kwa hiyo fundi muulize wakili, hizo siku 14 ni za kanuni au wamejipangia tu?

fundi_fremu:
Nimempigia, anasema wamejipangia wenyewe. Asanteni sana, ile hesabu nimeifanya na wakili imetoka hamsini na kitu, kwa hiyo hata 60 sio mbaya kumbe.

mama_hesabu:
60 ya mkupuo sio mbaya, 60 ya awamu 6 ndo inanitia wasiwasi. Weka kifungu kwamba wakiruka awamu moja deni lote la mwanzo linarudi, likipunguzwa tu walichokwisha lipa. Na makubaliano yapelekwe mahakamani yaandikwe kama hukumu, wakikwama unaenda kukaza moja kwa moja sio kufungua kesi upya.

kijiweni_sheria:
Na hilo la "sina dai lingine lolote", wanakudai au unawadai kitu kingine nje ya hizo fremu?

fundi_fremu:
Kuna makabati, oda tofauti, wamelipa nusu. Hayamo kwenye kesi.

kijiweni_sheria:
Basi hiyo sentensi ukiisaini ilivyo umewaachia bure ile nusu ya makabati iliyobaki. Iandikwe fremu za mkataba ule tu, na tarehe yake itajwe.