Moses Grandy: ilikuwaje alipie uhuru wake mara tatu?

Msomaji_Umoja: Kikundi chetu cha kusoma hapa Umoja kinaanza simulizi ya Moses Grandy, nahodha wa mashua aliyezaliwa utumwani North Carolina. Zote pamoja alilipa dola 1,850. Mtumwa alizipata wapi? Na mbona malipo ya kwanza hayakumkomboa?

Nanga: Pesa zilitoka kwenye mfereji wa kinamasi cha Dismal Swamp, kilomita 35 hivi, unaounganisha Virginia na North Carolina. Watumwa ndio waliouchimba, ndani ya tope, na Grandy anaieleza kazi hiyo bila kuipaka rangi. Yeye mwenyewe alipewa mashua kwa mgao: nusu ya malipo ya shehena ilikwenda kwa mwenye mashua, nusu iliyobaki ilitoa chakula na ujira wa mabaharia, na kilichosalia ndicho chake. Vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza vilimfaa, maana manowari za Uingereza zilifunga ghuba ya Chesapeake na mizigo ikahamia mferejini. Lakini bwana wake naye alidai chake kila mwaka, kwa hiyo msidhani faida yote iliingia kibindoni.

Karani_Mzee: Shida ilikuwa sheria. Mkataba na mtumwa haukumfunga bwana, kwa kuwa mtumwa na alichochuma vyote vilihesabiwa mali ya bwana. Bwana wake, James Grandy, alipokea dola 600 kwa awamu, akazichana risiti, kisha akamuuza Moses kwa Trewitt kwa dola 600 nyingine. Hata kama risiti zingehifadhiwa, nina shaka zingemsaidia mahakamani. Trewitt naye akalipwa 600, kumbe alikuwa amemweka rehani, yaani dhamana ya deni, kwa Enoch Sawyer! Mara ya tatu kapteni Edward Minner alimnunua kwa dola 650, akamwacha azirudishe kwa kufanya kazi. Huyo alitimiza ahadi.

Nanga: Sawa kabisa. Wanakikundi watakaotaka kulinganisha na kwetu wawatazame watumwa wa Mombasa na Unguja waliofanya vibarua mjini na kugawana ujira na mabwana zao.

Zuhura_K: Msiseme Grandy aliandika simulizi kwa mkono wake. Alimsimulia George Thompson, mpinga utumwa wa Uingereza, na kitabu kikatoka London 1843. Mauzo yalikusudiwa kuwakomboa ndugu waliobaki utumwani. Someni polepole sehemu ya mke wa kwanza, aliyeuzwa miezi minane hivi baada ya ndoa. Hapo hesabu za dola hazisaidii kitu.