Michael Kiwanuka na "Home Again": anarudi nyumbani gani?

Mjukuu wa Missenyi
Habari za jioni wadau. Nina swali, na naomba msinijibu haraka.

Ninayo santuri ya Home Again, albamu ya kwanza ya mwimbaji Michael Kiwanuka, iliyotoka Machi 2012. Kila Jumapili nikimenya ndizi hapa Malmö, Uswidi, naiweka. Jumapili iliyopita binti yangu wa miaka 13, aliyezaliwa hapahapa, akaniuliza: "Mama, huyu anarudi wapi? Si amezaliwa London?" Nikabaki na kisu mkononi.

Ni kweli alizaliwa London mwaka 1987 na kukulia Muswell Hill. Uganda ni kwa wazazi wake, waliomkimbia Idi Amin. Hapo ndipo albamu hii inaponishika, kwa sababu mama yangu naye alimkimbia Amin huyohuyo. Kwao ni Missenyi, Tanzania, ng'ambo ya kaskazini ya mto Kagera. Wanajeshi wa Amin walipoingia mwaka 1978 alivuka mto akiwa na kaka yangu mgongoni, na kitu pekee alichookoa ni sufuria. Kijana wa Muswell Hill na mimi tumelelewa na watu waliokimbia bunduki zilezile, wake upande ule wa mpaka, wangu upande huu.

Sasa nisaidieni. Mtu ambaye hakukulia kwao anaimbaje habari za kurudi? Nauliza kwa ajili ya binti yangu, maana naye Missenyi ameiona mara mbili tu.

Nyuzi Sita
Dada, mimi ni mpiga gitaa, kwa hiyo nitakujibu kwa masikio. Kabla hajaimba mwenyewe, Kiwanuka alikuwa akiwapigia wengine gitaa. Albamu hii aliirekodi na Paul Butler wa kundi la The Bees, katika kisiwa cha Isle of Wight, Uingereza. Wimbo wa kwanza umejaa filimbi na matarumbeta, unafika kama msafara. Halafu sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu: gitaa kavu, anadonoa nyuzi kwa vidole, sauti iko karibu kama mtu aliyeketi kitandani kwako. Wengi walisema ni muziki wa soul wa miaka ya sabini tu, wakamtaja Bill Withers, mwimbaji Mmarekani wa enzi hizo, wakamaliza. Mimi nasikia mtu anayepunguza vyombo mpaka abaki na kile anachokiamini. Nadhani kurudi kwake kumo humo.

Wa Masaka
Mimi natazama jina. Kwetu Uganda Kiwanuka si jina jepesi. Joseph Kiwanuka alifanywa askofu wa Masaka mwaka 1939, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kuwa askofu Mkatoliki. Benedicto Kiwanuka alikuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 watu wa Amin walimkamata mahakamani mchana kweupe, na hakurudi tena. Kwa hiyo kijana huyu alipotangazwa mshindi wa BBC Sound of 2012, tuzo ya wanamuziki chipukizi, sisi tulisikia jina ambalo Amin alitaka lizimike likitamkwa redioni Uingereza. Sijui kama yeye aliliwaza hilo. Mimi niliacha gari pembeni ya barabara.

Bi Tudor
Poleni, lakini mimi siafikiani nanyi. Mwamvisha Uganda mtoto wa watu, na katika albamu ile Uganda haitajwi. Sikilizeni I'm Getting Ready: ni mtu ajiandaaye kuamini, na bado hajui imani itamtaka nini. Mimi ni Muislamu wa Mombasa, na wimbo ule nausikia kama dua. Kwetu kurejea ni kurejea kwa Mola kwanza, nchi baadaye. Habari za jina na rangi alizishika sawasawa baadaye, hasa albamu ya tatu ya 2019 aliyoiita Kiwanuka, ile iliyompa Mercury, tuzo ya albamu bora ya Uingereza, mwaka 2020. Hii ya kwanza ni ya roho isiyotulia. Mwambie mwanao hivyo, ataelewa. Watoto wa umri huo hawatulii nao.

Mjukuu wa Missenyi
Asanteni sana. Bi Tudor, umenirudisha kwenye maneno yenyewe. Nimeusikiliza tena ule wimbo wa Home Again na kweli hasemi atafika. Anasema iko siku atajisikia yuko nyumbani. Miaka yote hii nilikuwa nasikia kufika.

Jana nikampigia mama. Nikamuuliza siku aliyorudi Missenyi mwaka 1979 alijisikiaje. Akasema hakujisikia kitu. Mabati yalikuwa yameng'olewa, kibanja kimekuwa pori, akasimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Akaniambia alifika siku alipokata mkungu wa kwanza wa mgomba alioupanda mwenyewe baada ya vita, na hapo mwaka na zaidi ulikuwa umepita. Hadithi ya kuvuka mto nimeisikia tangu utotoni. Hii ya mkungu sikuwahi kuisikia.

Binti yangu alikuwa pembeni, simu ikiwa kwenye spika. Akaiweka santuri ili bibi asikie. Mama akauliza mwimbaji ni nani, nikamtajia. "Kiwanuka wa Masaka?" Nikamwambia hapana, wa London. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mjukuu wake aurudishe wimbo tangu mwanzo.